UZI: Kupanua barabara za mitaa Malindi – kianze mtaro au ianze lami?

Kanju_na_Nazi
Salaam wadau. Mji umetanuka. Ukitoka katikati ya Malindi kwenda Maweni, Muyeye, Kijiwetanga hadi Ganda, palipokuwa na mikanju na minazi sasa pana ploti za futi 50 kwa 100, kila ploti na geti lake, na kila geti lina tuktuk inayongoja. Barabara ni zile zile. Kikao cha maoni ya wananchi kikiitishwa, mtu anasimama, anasema "tunataka lami pana", anapigiwa makofi, anakaa. Akiulizwa pana mita ngapi na maji yatokee wapi, kimya.

Uzi huu uwe wa vipimo. Tuchukue barabara ya mfano, isiwe ya mtaa wowote, tusije tukaanza kugombana. Urefu kilomita 1. Lami ya zamani upana mita 5, kingo zimeliwa. Ramani inaonyesha hifadhi ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara) mita 15, lakini ukivuta futikamba ukuta kwa ukuta unapata kati ya 11 na 13. Ardhi karibu tambarare, mteremko ni asilimia 0.2. Sehemu moja ni mchanga mwekundu, sehemu ya karibu na bahari ni matumbawe. Wapitao: boda, tuktuk, matatu, tipa za mchanga na mawe, maboza ya maji. Tunaanzia wapi?

BikoniKwanza
Mnaanzia kwenye karatasi, na karatasi ya kwanza ni ya kujua barabara ni ya nani. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 ilizaa mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa za taifa zilizo mijini, na KeRRA kwa za taifa za mashambani. Zilizobaki ni za kaunti. Kuna vikundi vimezungusha barua miaka miwili kwenye ofisi isiyohusika, na kila ofisi iliwajibu kwa adabu sana.

Karatasi ya pili ni ramani ya upimaji, si ile ya kuchora ya dalali. Ploti nyingi za Malindi zilipimwa kwa bikoni (alama za mpaka ardhini) na mchoro wa upimaji wenye pembe na umbali, kwa hiyo mpaka unaweza kurudishwa ardhini kwa sentimita. Mwiteni saveya aliyesajiliwa aoneshe mstari wa hifadhi pande zote mbili kila mita 20, na mwandike kwenye jedwali: umbali kutoka mwanzo, upande, kilicho ndani ya hifadhi (ukuta, ngazi, kibanda, tangi la choo, mti, nguzo), na kimeingia kiasi gani. Tangi la choo wengi hulisahau kwa sababu halionekani. Eskaveta ndiyo hulikumbuka.

Mita 13 kati ya kuta haimaanishi mita 2 zimeibwa na mtu mmoja. Mara nyingi ni sentimita 60 huku, mita 1.4 kule, na mahali pengine hifadhi yenyewe haikuwahi kuwa 15 kwa sababu ploti kubwa iligawanywa bila mwenyewe kutoa kipande cha barabara. Hayo ni mambo mawili yenye njia mbili. Aliyejenga ndani ya hifadhi hupewa notisi aondoe. Ambaye ardhi ni yake na inahitajika, hiyo ni ya kutwaliwa kwa fidia: Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza nia kwenye Gazeti Rasmi, siku zisizopungua 30 baadaye huweka kikao cha uchunguzi kwa notisi ya siku 15 au zaidi, watu hupeleka madai yao, halafu hutolewa tuzo, yaani uamuzi wa nani alipwe kiasi gani. Kanuni za 2017 zinaongeza asilimia 15 ya thamani ya soko kwa ajili ya usumbufu.

Mwana_wa_Barani
Sheikh, na sisi wenye nyumba bila ardhi? Nyumba ni yangu, kiwanja ni cha mtu mwingine, kodi ya ardhi nalipa kila mwaka. Mita 1.4 ikikatwa, wa kulipwa ni nani?

BikoniKwanza
Kila mtu kwa chake. Mwenye hati hulipwa ardhi, mwenye nyumba hudai jengo na kile alichokiendeleza. Katiba, Kifungu cha 40, inaruhusu hata mkaaji wa nia njema asiye na hati kufidiwa. Lakini dai halijipeleki lenyewe. Kikao cha uchunguzi kikiitwa, nenda na kitambulisho, risiti za kodi ya ardhi, picha za nyumba zenye tarehe, na orodha ya miti: mnazi unaozaa, mwembe, mkanju, kila mmoja na umri wake. Asiyefika kikaoni huandikiwa kilichoonekana kwa macho ya mthamini, na mthamini hakai siku nzima kwenye ploti moja.

Na ardhi ikiwa imesajiliwa kwa jina la marehemu, anzeni mirathi sasa. Ndicho kinachokwamisha malipo kuliko bei.

TipaMoja
Mimi naona tunazunguka. Mji unakua, tupige njia nne tumalize, mbili kwenda mbili kurudi. Tukipanua kidogo kidogo, miaka kumi tutarudi pale pale.

ZegeNaKokoto
Njia nne za mita 3 ni mita 12, na bado hujaweka mtaro, njia ya miguu wala kisiwa cha katikati. Ndani ya 15 haviingii, labda wananchi wawe wanaruka.

Halafu tazama foleni yenyewe inaanzia wapi. Haianzii katikati ya barabara. Inaanzia pale matatu inaposimama kwenye lami kushusha abiria, pale tuktuk tatu zimejipanga mdomoni mwa njia ya ndani, na pale tipa inapokata kona inabidi irudi nyuma mara mbili. Njia mbili zikiachwa wazi muda wote zinapitisha magari mengi kuliko njia nne ambazo mbili zimegeuzwa steji.

Kwa hiyo ardhi ya ziada isidaiwe kilomita nzima. Idaiwe kwenye steji na kwenye makutano tu. Ghuba ya kusimama matatu inataka upana wa mita 3 na sehemu iliyonyooka ya mita 15 hadi 20, pamoja na miteremsho ya kuingilia na kutokea. Iwekwe baada ya makutano, si kabla, ili gari lililosimama lisifiche anayetokea. Ghuba mbili zinazotazamana zipishwe, na kivuko kiwe nyuma ya gari lililosimama, abiria avuke akiwa anaonwa. Tuktuk nazo zipewe nafasi yao ndani ya njia ya pembeni, mita 10 kutoka kona. Msipowapa nafasi watajichukulia, na watachukua ile ile kona.

Kona ya ukingo kwenye njia ndogo, nusu kipenyo cha mita 6 hadi 8 kinatosha lori la taka. Ukizidisha ukaweka 12, boda zitaingia bila kupunguza mwendo na mtoto atakuwa na mita nyingi za kuvuka.

Mgawanyo wangu wa mita 15 ni huu: lami mita 6.5, kila upande nusu mita ya ukingo wa zege na ukanda mgumu, njia ya miguu mita 2 kila upande, mtaro mita 1.2 kila upande, kuta zake zikiwemo. Jumla 13.9. Mita 1.1 inayobaki yote ipelekwe upande mmoja, iwe ya nguzo, mabomba na miti. Ukiigawa sentimita 55 huku na 55 huku haimfai mtu.

Palipo na mita 12 tu: lami 6, kingo sentimita 15 kila upande, na mtaro ufunikwe kwa slabu ili mtaro na njia ya miguu viwe kitu kimoja cha mita 2. Jumla 10.3, inabaki 1.7 ya nguzo na mabomba. Palipo na mita 9, msilazimishe. Hapo fanyeni kabro (matofali ya zege ya kupanga) ukuta kwa ukuta, yenye mwendo mdogo, au njia ya kwenda upande mmoja.

FundiMitaro
Nilikuwa nangoja mtu ataje mtaro. Kanju kauliza kianze mtaro au lami. Mtaro, na si kwa maneno. Chora mtaro kwanza, kwa sababu mtaro ndio hauwezi kupanda kilima. Lami utaipandisha na kuishusha upendavyo.

Hesabu. Chukua eneo linalomwaga maji kwenye kipande chetu ni hekta 4, paa na nyua nyingi, kwa hiyo sehemu ya mvua inayotiririka ni 0.6, na mvua kali ya masika tuipe milimita 80 kwa saa. Zidisha 0.6 kwa 80 kwa 4, gawa kwa 360. Unapata mita za ujazo 0.53 kwa sekunde.

Sasa mtaro ambao kila mtu huomba, wa sentimita 60 kwa 60, wa zege. Kwenye mteremko wa asilimia 0.5 unapitisha karibu 0.58. Unatosha, ingawa umejaa hadi mdomoni. Lakini kwetu mteremko ni 0.2. Mtaro ule ule sasa unapitisha 0.37 tu. Theluthi ya maji imekosa pa kwenda na itapanda barabarani, na hapo atalaumiwa mkandarasi wa lami. Panua upana hadi sentimita 90, kina kibaki 60: maji yale yanapita yakiwa na kina cha sentimita 52, zinabaki 8 za usalama. Ndiyo maana mtaro wenye kuta zake ni mita 1.2. Haikuwa anasa.

Watu wengi hukimbilia kuongeza kina badala ya upana. Pwani ukichimba sana unakutana na maji ya ardhini au unashuka chini ya mahali pa kutokea, na mtaro unageuka bwawa la mbu.

Sakafu ya mtaro ipimwe kwa mashine ya levo kila mita 10, si kwa uzi. Asilimia 0.2 ni milimita 20 kwa mita 10. Kosa la milimita 25 tu linatosha kuyarudisha maji yalikotoka.

Mwana_wa_Barani
Na mageti? Kila mwenye geti anamwaga zege juu ya mtaro na kupitisha bomba la inchi 4 chini.

FundiMitaro
Hapo ndipo mitaro hufia. Bomba la inchi 4 lina kipenyo cha karibu milimita 100. Kalvati (bomba kubwa la zege) ya milimita 600 ina eneo mara 36 ya hilo. Yaani ukitaka kulingana kwa eneo tu, upange mabomba 36, na bado msuguano utakushinda, achilia mbali mfuko mmoja wa nailoni.

Kwa hiyo mageti yaingizwe kwenye mkataba tangu mwanzo, yasiachiwe mwenye nyumba. Mtaro uendelee upana ule ule chini ya geti, juu slabu ya milimita 200, chuma cha milimita 12 kila milimita 150, upande wa CHINI wa slabu, zege ya kufunika chuma milimita 40 hadi 50. Naandika CHINI kwa herufi kubwa kwa sababu slabu zinazotupwa saiti halafu zikageuzwa wakati wa kupanga huwa na chuma juu, na tipa ya kwanza ya mchanga inazikata katikati kama biskuti. Slabu itiwe rangi upande wa juu kabla fundi hajaibeba.

Mchanga wa ufuoni usiingie kwenye zege ya slabu hata kiganja. Chumvi inakula chuma, chuma kinavimba, zege inabanduka.

Slabu za njia ya miguu milimita 100 zinatosha. Slabu ya urefu wa mita 1.2 na upana nusu mita ni karibu kilo 144, watu wanne wenye ndoana wanainyanyua. Ukiifanya ya mita nzima haitafunguliwa tena mpaka Kiyama, na mtaro usiofunguliwa hausafishwi. Kila mita 10 acheni moja ndogo yenye matundu mawili ya ndoana.

Kanju_na_Nazi
Maji yakifika mwisho wa kilomita yaende wapi? Hili ndilo huwa hatuulizi.

FundiMitaro
Kuna njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Kuyapeleka baharini kunataka njia ya kupita kwenye ploti za ufukweni, na msisahau mbele yetu ipo Hifadhi ya Bahari ya Malindi, tangu 1968. Mchanga na matope yakimwagika moja kwa moja yanafunika matumbawe. Lazima kuwe na chemba ya kutuliza matope kabla ya kutokea, na ripoti ya athari za mazingira itaisema.

La pili, bonde au dimbwi la asili. Yaliyokuwepo mengi yamejengwa. Likipatikana moja, liandikwe kwenye ramani kuwa la umma kabla halijapata mnunuzi.

La tatu, visima vya kunyonya maji kwenye matumbawe. Matumbawe yana vinyweleo, yanakunywa vizuri sana mwaka wa kwanza, ila kisima kisicho na chemba ya matope mbele yake huziba, kisha huwa ni shimo tu. Na kwa vile vyoo vyetu ni vya shimo na matangi na wapo watu wanaochota maji ya visima, kaeni mbali na kisima cha maji angalau mita 30.

LamiSafi
Sasa niseme ya lami. Kwanza jueni ardhi yenu ina nguvu gani, na kifaa chake si cha gharama. Kuna fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60, nyundo ya kilo 8 inaangushwa kutoka milimita 575, unasoma imezama milimita ngapi kwa pigo. Mwongozo wa Kenya wa barabara za lami zenye magari machache, wa 2017, unatumia kifaa hicho hicho. Ikizama milimita 10 kwa pigo, nguvu ya udongo (ile CBR) ni karibu 26. Milimita 20, karibu 13. Milimita 40, karibu 6. Pimeni kila mita 50 hadi 100, kulia, kushoto na katikati, na msipime kaskazi peke yake wakati udongo umekauka kama tofali. Pimeni pia palipolowa.

Boda na tuktuk hazivunji lami. Zinajaza barabara ila uzito wake ni bure. Kinachovunja ni ekseli. Ekseli ya tani 10 inaharibu zaidi ya mara mbili ya ile ya tani 8. Basi hesabuni tipa na maboza peke yake, kwa siku saba, asubuhi hadi jioni, na mwandike yaliyobeba na yasiyobeba.

Upanuzi wenyewe: lami ya zamani mita 5, mpya 6.5. Karibu kila mtu atasema ongeza sentimita 75 huku na 75 huku, katikati ibaki katikati. Haifai, na sababu ziko mbili.

Moja, kipande cha sentimita 75 rola haiingii. Kitashindiliwa na mashine ya mkono kando kando, na mvua ya kwanza kitashuka.

Mbili, kiungo. Ukingo wa zamani umeoza, unakata ndani sentimita 30 mpaka ufikie lami nzima. Kiungo kinakuwa mita 2.2 kutoka katikati. Magurudumu ya gari kwenye njia ya mita 3.25 yanapita karibu mita 0.8 na mita 2.4 kutoka mstari wa katikati. Kiungo kimekaa chini ya gurudumu! Kitafunguka, maji yataingia, na utaona ufa mmoja mrefu ulionyooka kama umechorwa kwa rula.

Ongeza mita 1.5 upande mmoja tu. Mstari wa katikati unahamia sentimita 75. Sasa kiungo kiko karibu katikati ya njia, baina ya magurudumu mawili, na rola ndogo ya mita 1.2 inaingia. Chagueni upande wenye kuta na nguzo chache.

ZegeNaKokoto
Lakini mgongo wa barabara, ile sehemu iliyoinuka katikati, unabaki ulipokuwa, bwana. Ukihamisha mstari bila kuhamisha mgongo, gari litakuwa linaendesha na gurudumu moja mlimani.

LamiSafi
Kweli, nilikuwa naijia. Mlalo wa pembeni ni asilimia 2.5. Ukihamisha mgongo sentimita 75, upande unaopanuliwa utahitaji lami ya kusawazisha ya karibu milimita 38, unene huo huo kuanzia mgongo mpya hadi ukingoni, na upande wa pili sifuri. Juu yake ndipo linapita tabaka moja la milimita 50 kwa upana wote wa 6.5. Hiyo milimita 38 mara nyingi haimo kwenye orodha ya bei, halafu inakuja kama kazi ya ziada. Tafuteni mstari huo kwenye mkataba.

Shimo la upanuzi liwe upana wa mita 2.1: mita 1.5, sentimita 30 za kukata ndani, na 30 za kukalia ukingo wa zege. Kina milimita 500: udongo ulioboreshwa 150, tabaka la chini ya msingi 150, msingi 150, lami 50. Kwa kilomita moja ni mita za ujazo 1,050, zikivimba kwa robo ni kama 1,310. Tipa ya mita za ujazo 15 itakwenda safari 88. Kila tabaka la 150 ni mita za ujazo 315 zikishashindiliwa, agizeni kama 410 za kumwaga.

Upande wa barabara ya zamani usikatwe wima mpaka chini. Kateni ngazi, kila ngazi kina cha 150 na upana wa 300, ili tabaka jipya likalie la zamani na viungo visipangane juu ya mstari mmoja. Na msingi mpya usiwe mzito wa kupitisha maji kuliko wa zamani. Maji yaliyo ndani ya barabara ya zamani yakifika kwenye ukuta huo yanakwama, yanalainisha kila kitu. Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo linaloua upanuzi, si unene wa lami.

TipaMoja
Matumbawe yaliyosagwa yanafaa kwa msingi? Yapo mlangoni.

LamiSafi
Kwa tabaka la chini yanafaa, na kwa msingi wa barabara nyepesi pia, mradi yapimwe. Yakishindiliwa yakiwa na maji sawasawa hushikana yenyewe. Kokoto ya kuoneshwa juu, ile inayosuguliwa na matairi, isiwe matumbawe: ni laini, inang'aa na kuteleza. Hiyo inaletwa kutoka mbali, hakuna ujanja. Mchanga wa matuta nao punje zake zinalingana mno, haushindiliki hata rola ilie.

Kubwa zaidi ni chumvi. Msishindilie kwa maji ya kisima cha chumvi wala ya bahari. Maji yakikauka, chumvi inapanda, inajikusanya chini ya ile lami nyepesi ya kwanza, na unaona malengelenge kama ya mtu aliyeungua. Tumieni maji ya bomba au ya mto. Lami ya kwanza ipigwe karibu lita 1 kwa mita ya mraba (kwa mita 1.8 za upana, bila zile 30 za ukingo wa zege, ni lita 1,800, yaani madumu 9 ya lita 200), ikauke siku moja hadi mbili, kisha ifunikwe upesi. Kuiacha wazi wiki tatu kungoja malipo ni kualika chumvi.

Bi_Shela
Kwa nini msiweke kabro tu? Ikivunjika inafunguliwa na kurudishwa, fundi wa kabro yupo kila mtaa.

ZegeNaKokoto
Bi, kwa njia za ndani na mahali pa kuvunja mabomba mara kwa mara una haki kabisa. Ya magari iwe unene wa milimita 80, ya nguvu ile inayouzwa kama 49, si ile ya unene wa milimita 60 ya uani. Tofali la 200 kwa 100 ni 50 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kilomita ya upana wa mita 6.5 ni tofali 325,000 kabla ya za kuvunjika. Mpangilio wa mfupa wa samaki, si wa mistari, maana mistari husogea gari linapofunga breki. Mchanga wa kulalia milimita 30 ikishashindiliwa. Ukizidisha 60 ili kuficha msingi usio sawa, matairi yatachora mifereji ndani ya miezi.

Na kingo za zege zitangulie, zikae juu ya zege na kuegemezwa zege nyuma. Kabro bila ukingo inatembea.

NguzoNaBomba
Hakuna aliyetaja nguzo za stima. Lami mpya, nguzo katikati yake, imepakwa rangi nyeupe na nyeusi. Kuhamisha nguzo kuna maombi yake, bei yake na foleni yake, na mkandarasi wa barabara hana ruhusa ya kuigusa. Maombi yatoke siku ile ile mchoro unapopitishwa, pamoja na idadi ya nguzo na mahali pake kwa mita.

Mabomba vivyo hivyo. Bomba la maji lililo chini ya lami ya zamani litolewe sasa, lipelekwe kwenye ule ukanda wa mita 1.1. Na kila mita 100 pitisheni chini ya barabara mabomba matupu mawili ya milimita 110, kina cha sentimita 90, ncha zake zitokee nje ya kingo, ndani muache kamba ya nailoni, juu mtie alama kwenye ukingo wa zege. Yatatumika na maji na nyaya za intaneti. Bila hivyo, miezi mitatu baada ya uzinduzi utakuta mtu na mtaimbo.

Kanju_na_Nazi
Na wakati wa kazi?

LamiSafi
Kaskazi. Desemba hadi Machi udongo umekauka na shimo halijai maji. Kuchimba Machi mwishoni ni kuichimbia masika bwawa, na mvua zikishika Aprili hadi Juni hakuna rola itakayowasaidia. Msifungue zaidi ya mita 200 kwa wakati mmoja, na shimo lililofunguliwa lifikie angalau tabaka la chini kabla ya kufungua lingine. Mageti yawekewe mbao au sahani za chuma, si mifuko ya mchanga.

Kamati iombe nakala ya matokeo ya kushindilia ya kila tabaka kabla ya linalofuata kumwagwa: tabaka la juu la udongo asilimia 100 ya msongamano wa maabara kwa kipimo cha kawaida, la chini ya msingi asilimia 95 kwa kipimo kizito. Mkiambiwa vipimo vitakuja baadaye, tabaka limeshafunikwa.

BikoniKwanza
Ongezeni moja kwenye orodha ya kamati: saveya arudishe bikoni zilizong'olewa na eskaveta, kwa gharama ya mradi, na iandikwe kabla ya kusaini. Zisiporudishwa, ugomvi wa ukuta na ukuta unaanza upya siku rola inapoondoka.

Mwana_wa_Barani
Shukran. Kesho nanunua futikamba ya mita 50 na daftari. Vipimo vyenyewe nianzie upande wa lami au ukutani?

BikoniKwanza
Ukutani, ami. Shika sifuri kwenye ukuta wa kushoto, soma ukingo wa mtaro, ukingo wa lami, katikati, mpaka ukuta wa kulia, bila kuinua futikamba. Kila mita 20, na piga chapa ya rangi ukutani uliposimama.